Gitaa Lililosinzia

Bwenini
4 Februari

Baba Fundi, shikamoo.

Nitakayoandika hapa sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu. Nakuandikia wewe kwa sababu hunijui. Mwalimu wetu wa muziki ndiye aliyenipa anwani yako. Amesema barua unazijibu lakini simu hupokei, kwa sababu masikio yako yameharibiwa na spika za watu.

Nina gitaa la umeme. Shingo yake, nyuzi na sumaku za kunasa sauti vilitoka kwenye gitaa bovu ambalo mwili wake ulikuwa umepasuka. Mwili mpya alichonga kaka yangu. Kaka ni seremala wa milango. Hajawahi kumiliki gitaa, wala hajawahi kusoma kitabu kinachohusu magitaa. Alichonga siku za Jumapili kwa miezi mitano, kisha akalipaka rangi aliyoichanganya mwenyewe, akasema ni rangi ya chai ya maziwa.

Tatizo ni kwamba shingo ni nzito kuliko mwili. Nikilivaa kwa mkanda begani na kuachia mkono wa kushoto, kichwa cha gitaa kinateremka mpaka kinaelekea magotini. Nimezoea kuishikilia shingo huku napiga, na kidole gumba kinauma, lakini sikuwahi kulalamika.

Siku ya wazazi nilipiga peke yangu jukwaani. Katikati ya wimbo miwani ikaanza kuteleza puani kwa jasho, nami nikainua mkono wa kushoto kuisukuma. Ni hilo tu nililofanya. Kichwa cha gitaa kikashuka, kikagonga stendi ya maikrofoni, stendi ikaangukia meza ya wageni, na glasi ya maji ikammwagikia mkuu wa shule mapajani. Ukumbi mzima ulicheka. Msichana wa darasa letu tunayemwita Redio akasema kwa sauti, "Gitaa limesinzia!" Wakacheka upya.

Mwalimu wa muziki, nadhani kwa kutaka kunisaidia, akaokota maikrofoni akaniuliza gitaa hili limetengenezwa na nani, kisha akanisogezea nijibu.

Wakati huo nilikuwa nimeshamwona kaka. Alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya watu wote, amevaa shati lake la kazi, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nywele. Nikasema, "Sijui. Tulilinunua mitumbani."

Baadaye nilimkuta nje karibu na bomba la maji. Akasema gari lilikuwa limeharibika njiani, kwamba ndiyo kwanza amefika, na amesikitika kukosa kuniona nikipiga. Alinipa soksi alizotuma mama. Sijui kama alisema kweli. Tangu siku hiyo nikifungua kitabu nausoma mstari mmoja mara nne.

Tarehe 29 Machi shule ina tamasha la muziki, na kaka ameahidi kuja tena. Nataka gitaa liwe limepona kabla ya siku hiyo, bila yeye kujua kwamba liliwahi kuumwa. Aliyelitengeneza hakujua mambo ya uzani. Naomba uniambie la kufanya.

Wako mtiifu,
Binti wa kidato cha tatu
(nyumbani wananiita Kamusi)


Karakana
10 Februari

Mdogo wangu Kamusi,

Mama anakusalimu. Amesema usome, ule, na usiazime watu sweta lako.

Kazi ipo. Zahanati imeagiza milango saba, na mmoja umekataa kabisa kufunga. Nimeupiga randa mara tatu mpaka mwenzangu wa madirisha akaniuliza kama natengeneza mlango au nachonga penseli.

Samahani tena kwa kuchelewa siku ya wazazi. Lile gari si la kupanda mtu mwenye miadi. Natumaini ulipiga vizuri na watu walifurahi.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Nimeisuka kwa nyuzi za viatu. Funga ncha zake kwenye mikono ya miwani, ipitishe nyuma ya shingo. Miwani haitateleza tena hata ukitokwa jasho na mikono yote miwili ina kazi.

Kama gitaa lina tatizo, niambie. Usinionee haya.

Kaka yako


Kwenye meza ya kazi
13 Februari

Binti yangu Kamusi, marahaba.

Kwanza, mimi si baba. Ni mama, na nina wajukuu watatu. Usijikunje kwa hilo. Hata wanaoleta magitaa hapa wakinikuta mezani huniuliza fundi yuko wapi. Huwa nawaambia katoka, atarudi, kisha natengeneza huku wanamsubiri.

Pili, gitaa lako halikusinzia wala haliumwi. Weka mwiko ukingoni mwa sufuria, upande mzito utashuka. Hakuna atakayesema mwiko umesinzia. Sasa tutafute kwa nini upande ule ndio mzito.

Usitoboe kitu. Narudia, usitoboe kitu. Watoto wanaosoma vitabu ndio wanaonitia hofu zaidi wakishika keke. Fanya haya matatu.

Vaa sweta la pamba ili mkanda usiteleze, vaa gitaa, simama wima, achia mikono yote. Mwenzako afunge mfuko mdogo kwenye kitufe cha mkanda kilichoko nyuma, chini kabisa ya gitaa, atie msumari mmoja mmoja mpaka shingo ibaki palepale unapoiacha. Hesabuni misumari. Huo ndio uzani unaokosekana.

Kisha tazama kitufe cha mkanda cha mbele, kilichoko kwenye ncha ya pembe ya juu. Hesabu vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo, kuanzia kichwani. Kwenye gitaa linalokaa vizuri, ncha ya pembe hufika karibu na chuma cha kumi na mbili. Lako linafika wapi?

La tatu, nitafutie mchoro. Seremala wa milango hachongi kwa kubahatisha. Lazima alikuwa na mchoro, na nataka kujua ulisema nini.

Kuhusu ulichosema kwenye maikrofoni, kwenye droo zangu mna nyuzi, risasi ya kulehemu na vitufe vya mkanda. Nimepekua, dawa ya hilo haimo. Ila nimeona kitu kimoja. Mwanzoni mwa barua umeandika "kaka yangu". Mwishoni amekuwa "aliyelitengeneza".

Fundi


Bwenini
17 Februari

Kaka, shikamoo.

Ahsante sana kwa kamba. Imefika salama. Mwambie mama sweta ninalo.

Siku ya wazazi hukukosa mengi. Nilipiga wimbo mmoja tu na watu walifurahi. Gitaa halina tatizo lolote.

Naomba kitu. Ule mchoro wa gitaa niliokuchorea wakati ule, kama bado upo, naomba unitumie. Mwalimu wa sanaa anataka tupeleke kazi zetu za zamani.

Mdogo wako,
Kamusi


Karakana
24 Februari

Mdogo wangu Kamusi,

Mchoro huu hapa. Nilikuwa nimeubandika ukutani juu ya meza ya kazi, ndiyo maana una gundi kwenye kona na alama ya kikombe. Mwambie mwalimu wa sanaa kikombe ni changu, wewe asikupunguzie alama.

Niliufuata kama ulivyo. Nilikata karatasi nyingine juu yake, nikaiweka kwenye mbao, nikazungusha penseli, na hakuna mahali nilipotoka nje ya mstari wako hata kwa unene wa kucha. Nakumbuka nilijiuliza kwa nini pembe ya juu ni butu hivi wakati ya chini imechongoka. Nikajijibu kwamba Kamusi amesoma na mimi sijasoma, atakuwa anajua.

Lakini nimekuwa nikifikiri. Mchoro ukiwa mzuri na kitu kisikae vizuri, basi mkono ndio una kosa. Mlango ni mlango, mtu anataka ufunge na ufunguke. Gitaa ni jambo lingine. Nilikuwa nimeanza mwili wa pili, wa kijana wa muuguzi pale zahanati, aliyeliona lako likizo iliyopita akalipenda. Nimemwambia atafute mtu mwingine. Ule mwili nimeukata kabari za kuzuilia milango. Zimetoka nzuri, mbao nyepesi lakini hazitelezi.

Msumeno mwembamba na zile patasi ndogo nitampa mwenzangu wa madirisha ifikapo katikati ya Machi. Kwangu zinakaa bure.

Mama mzima. Anauliza kama soksi zinakutosha.

Kaka yako


Bwenini
1 Machi

Mama Fundi, shikamoo, na unisamehe kwa kukuita baba.

Nimefanya yote matatu.

Misumari niliazima kwa fundi wa shule. Nilihitaji mtu wa kuitia mfukoni, na sikuwa na wa kumwomba ila Redio, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa bwenini mchana ule. Yeye hakucheka. Alihesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na shingo ilipotulia alisema, "Hamsini na mbili, na mgonjwa amefumbua macho." Ni misumari ya inchi tatu.

Ncha ya pembe ya juu haifiki kwenye chuma cha kumi na mbili. Inaishia usawa wa chuma cha kumi na sita.

Mchoro niliomba kwa kaka kwa uongo, naye akautuma. Nitakueleza ulivyo.

Niliuchora mwaka juzi kutoka kwenye picha ya kitabu cha maktaba, kwa ukubwa kamili, kwa kuzidisha vipimo. Niliuchora kwenye nusu ya karatasi ya manila, kwa sababu nusu nyingine nilikuwa nimeshachora ramani ya mito kwa ajili ya mwalimu wa jiografia. Nilianzia chini kwenye mwili, nikapanda. Nilipofika kwenye pembe ya juu, karatasi ikaisha. Pembe ilitakiwa kuendelea zaidi ya upana wa vidole vinne vyangu.

Karatasi nyingine zilikuwa ofisini kwa mwalimu wa jiografia. Ningegonga, angenipa. Lakini alikuwa ameshanipa moja wiki ile, na niliona haya kurudi kuomba tena. Kwa hiyo niligeuza penseli nikaizungusha pembe pale pale ukingoni, ili ionekane kama ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nilijiambia kwamba pembe ni pambo tu. Kaka aliponiuliza kama mchoro umekamilika nilimwambia ndiyo, aufuate hivyo hivyo.

Akaufuata hivyo hivyo. Mstari wangu umefika ukingoni na mbao yake imefika palepale. Nimelilaza gitaa juu ya karatasi, na hakuna mahali panapopishana.

Kuna jingine. Nilipofunga ile kamba ya miwani aliyonitumia, nilikuwa nimeshaposti barua ya kumwambia kwamba watu walifurahi. Nilikuwa mbele ya kioo. Ndipo nilipojiuliza kaka alijuaje kwamba miwani iliteleza, na kwamba mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwepo, Mama Fundi. Aliona yote, akasikia nilichosema, akaenda akasimama bombani, akanitungia habari ya gari.

Sasa anaamini mkono wake ndio una kosa. Ameukata mwili wa gitaa jingine kabari za milango, na vifaa vyake vya kazi ndogo anampa mtu katikati ya mwezi huu.

Naomba umwandikie wewe. Wewe ni fundi, atakuamini. Mwambie kwamba mbao ya namna ile mara nyingine huwa hivyo, kwamba hakuna mtu mwenye kosa. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Najua ninachokuomba si kizuri.

Kamusi


Kwenye meza ya kazi
6 Machi

Binti yangu,

Misumari hamsini na mbili ya inchi tatu inapita theluthi ya kilo. Tukiutia uzani huo nyuma ya gitaa, shingo itatulia, na wewe utatembea umeinama kama uliyebeba ndoo. Wapo mafundi wanaofanya hivyo. Mkanda mpana wa ngozi yenye manyoya utapunguza kuteleza, lakini mkono wako bado utakuwa mtumwa. Masikio mepesi ya kukazia nyuzi yatasaidia kidogo, si kwa kiasi chako.

Dawa ya gitaa hili ni kulirudishia pembe uliyolinyima. Kipande cha mbao ileile, cha vidole vinne na nusu, kiungwe kwa ulimi na mfereji, kimoja kikiingia ndani ya kingine, na kutiwa vijiti viwili ndani, kisha kitufe kihamishiwe kwenye ncha mpya. Bega litakuwa limelishika gitaa mbele zaidi, na shingo haitakuwa na sababu ya kushuka.

Kazi hiyo siiwezi. Sikutanii. Mimi ni mtu wa nyaya na nyuzi. Nikiunga mbao, gundi hushika mpaka mteja afike kwake. Kuunga mti na mti ili usiachie mtu akiuvuta kila siku ni ufundi wa milango, na unajua aliko mtu wa milango.

Sitamwandikia kaka yako. Ile mbao haina kosa, na mtu aliyefuata mstari bila kutoka hata kwa unene wa kucha ataijua mbao kuliko mimi. Atasoma barua yangu na kuona kwamba sasa tuko wawili tunaomdanganya.

Usiniandikie tena mpaka umemwandikia yeye. Sijakasirika. Ila katikati ya mwezi ni wiki ijayo.

Fundi


Bwenini
9 Machi

Kaka, shikamoo.

Hii ni barua ya nne kuiandika. Tatu nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno mazuri.

Gitaa lina tatizo. Shingo inashuka nikiiachia. Imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na sikukuambia.

Kosa si la mkono wako. Tazama mchoro ninaokurudishia. Mahali pa pembe ya juu, mstari unagusa ukingo wa karatasi kisha unarudi. Karatasi iliisha. Pembe ya kweli inaendelea vidole vinne na nusu mbele. Niliona haya kwenda kuomba karatasi nyingine, nikaizungusha pale, na uliponiuliza nikasema imekamilika. Wewe ulijiuliza kwa nini ni butu ukaacha kwa sababu uliniamini. Hakuna mwalimu wa sanaa aliyeutaka mchoro. Hilo nalo nilikudanganya.

Siku ya wazazi watu hawakufurahi, walicheka. Niliulizwa mbele ya watu wote nani aliyelitengeneza. Nikasema sijui, tulilinunua mitumbani. Nilikuwa nimekuona mlangoni, na vumbi kwenye nywele. Ningeweza kukuandikia kwamba nilichanganyikiwa, lakini sikuchanganyikiwa. Nilikuona, nikaona haya, nikasema.

Nadhani ulisikia. Kamba ya miwani ndiyo iliyoniambia.

Kuna fundi mmoja, mama mtu mzima, anasema gitaa litapona likiungwa kipande cha pembe kwa ulimi na mfereji na vijiti viwili, na kwamba yeye hawezi kazi hiyo, unaiweza wewe. Sikuombi uje. Nakuomba tu usimpe mtu msumeno kwa sababu ya karatasi yangu.

Kamusi


Karakana
17 Machi

Kamusi,

Barua nimeipata. Niliisoma mara moja, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, nikamaliza mlango wa zahanati.

Nipimie unene wa pembe ile kwenye ncha, na tena mahali inapoanzia mwilini. Usipime kwa rula za plastiki za shule, zimepinda. Azima ya chuma. Andika namba kubwa nisome.

Msumeno nilikuwa nimeshampa mwenzangu. Nimeuomba kwake kwa siku chache. Mbao ya ule mwili wa pili imebaki kabari moja tu kubwa, nyingine zote ziko chini ya milango ya watu. Nimeipima kwa mchoro wako. Inatosha pembe.

Nitakuja tarehe 27 kwa gari la asubuhi. Gundi inataka siku nzima na jiriwa mbili za kubana mbao. Muulize fundi wa shule kama anazo.

Mengine uliyoandika nimeyasoma. Siku ile nilichelewa.

Kaka yako


Bwenini
31 Machi

Mama Fundi, shikamoo.

Sasa naruhusiwa kukuandikia.

Kaka alifika asubuhi ya tarehe 27 na kabari ndani ya mfuko, imefungwa kwenye gazeti. Tulifanya kazi kwenye chumba cha fundi wa shule. Yeye alikata, mimi nilishikilia. Alinionyesha jinsi ya kuusikiliza msumeno, kwamba ukibadili sauti umeacha mstari. Zaidi ya hapo hatukusema kitu ila "sogeza" na "shika hapo". Nilitaka kusema mengi, na kila nilipofungua mdomo alikuwa na kipimo cha kuniuliza. Ulimi uliingia mferejini kwa kugongwa mara moja na kiganja. Akafunga jiriwa mbili, akaenda kulala kwa fundi wa shule.

Kesho yake jioni tulizifungua. Akahamisha kitufe. Nilivaa gitaa na kuachia mikono yote miwili. Shingo haikushuka. Redio alikuwepo, akahesabu mpaka ishirini, akasema gitaa sasa linasikiliza darasani kuliko yeye. Kaka alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu afike, na hakucheka na mimi.

Muda wa kupaka rangi haukuwepo. Mwili una rangi ya chai ya maziwa na pembe ni nyeupe kama mbao ilivyo, na mahali zilipoungana panaonekana hata kwa mtu wa mbali. Nilipopanda jukwaani tarehe 29 kuna mtu alisema limeota jino, na watu wakacheka. Mkuu wa shule alisogeza glasi yake ya maji mpaka upande wa pili wa meza. Wakacheka tena.

Nilipiga wimbo wote. Mkono wa kushoto ulikuwa mwepesi mpaka nikawahi mahali pawili.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya kujibu. Nilipomaliza hakuna aliyeniuliza kitu. Mwalimu wa muziki alikuwa ameshawapelekea kwaya maikrofoni, na watu walikuwa wanapiga makofi ya kawaida, ya kumaliza. Nikasimama pale pale. Nikasema bila maikrofoni kwamba gitaa hili ametengeneza kaka yangu, seremala wa milango, na ile pembe fupi ya kwanza niliichora mimi, na siku ya wazazi nilidanganya. Sauti yangu ni ndogo. Safu mbili za mbele ndizo zilizosikia. Mtu mmoja wa safu ya tatu aliuliza kasema nini, mwenzake akamjibu kwamba anashukuru.

Kaka alikuwa mlangoni, mahali palepale. Asingeweza kusikia. Kwa hiyo nilishuka nikapita katikati ya viti na gitaa likiwa bado shingoni, kwaya imeshaanza kuimba, nikamwambia tena nilichosema sasa hivi na nilichosema siku ile. Nikamuuliza kama siku ile alisikia.

Alikuwa anatazama bawaba ya mlango wa ukumbi. Akasema, "Nilisikia." Kisha akasema bawaba ya juu imelegea, mlango huu utakuja kumwangukia mtoto wa watu. Kisha akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nilimletea maji. Alikunywa yote. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka saa ya gari lake. Nilimuuliza kuhusu msumeno. Akasema si wake tena, ataurudisha Jumamosi ijayo, isipokuwa iwepo kazi ya kuufanyia. Nilipomuuliza kama kijana wa muuguzi ameshapata mtu mwingine, alisema hajui, kwamba hata angekuwa hajapata, mchoro uliopo ni wenye kosa, na yeye hawezi kuchonga kwa kukisia.

Leo ni Jumatatu. Wakati wa mapumziko nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa jiografia. Nilipita mbele ya mlango wake mara tatu, mara ya nne nikagonga. Nilimwomba karatasi ya manila, nzima. Akaniuliza ya kazi gani, nikamweleza. Akanipa mbili.

Nililaza gitaa juu ya karatasi sakafuni mwa maktaba, nikazungusha penseli taratibu, kuanzia kwenye pembe ya juu. Niliandika vipimo vyote kwa rula ya chuma, kwa namba kubwa. Kwenye kona ya chini niliandika kwamba mchoro ni wangu na mwili ni wa kaka. Kisha nikaukunja, nikautia kwenye bahasha yenye anwani ya karakana, na sasa naupeleka kwa mlinzi wa getini kabla gari la posta halijapita. Barua yako hii naipeleka pamoja nao.

Kamusi